Nilioga Maji ya Gari

Mkisikia shuleni kwetu mtu anaitwa Binzari, msihangaike kumtafuta, ni mimi, na jina hilo sikupewa na wazazi wangu wala halikutokana na kupenda pilau, nilijitafutia mwenyewe mchana kweupe, mbele ya watu waliokuja mazikoni. Na hapo kumbukeni kwamba mimi ndiye niliyekuwa mgawaji mkuu wa majina darasani (mwalimu wa hesabu nilimpachika Baki Moja, na analo mpaka leo), kwa hivyo msinionee huruma kwa hilo. Jina ni haki yangu. Huruma, kama mnayo, mwekeeni Babu.

Babu yangu, Mzee Mbwana wa hapa Bongwe, ana pikapu kuukuu kuliko mimi na dada zangu wote. Rangi yake ni buluu, isipokuwa mlango mmoja mweupe uliotoka kwa gari jingine lililokufa, na hubeba nazi na mihogo kwenda sokoni Ukunda kila siku ya Mungu. Mshale wa joto ulikufa zamani, redio ilikufa kabla yake, lakini gari lenyewe halifi, na watu wenye magari mapya walikuwa wakiliona likipita huku yao yako juu ya mawe kwa fundi, na Babu akiwapigia honi kwa adabu, kama anayewapa pole.

Siri yake haikuwa siri, maana aliihubiri kila siku. "Gari husalimiwa kabla ya kuombwa," alikuwa akisema. "Wewe waweza kuingia nyumbani kwa mtu ukamwambia nipe, bila hodi wala hujambo?" Basi kila Ijumaa baada ya sala ya alfajiri, na kila asubuhi ya safari ndefu, boneti hufunguliwa, kijiti cha oili huchomolewa kikafutwa kwa kitambaa kilekile, kikarudishwa, kikachomolewa tena kikatazamwa kama kinaeleza jambo, mkanda wa feni hubonyezwa kwa dole gumba, ule ukungu mweupe wa betri hupanguswa, magurudumu huminywa moja moja, kisha mwisho kabisa, maji ya rejeta. Hiyo ndiyo salamu. Mimi nilikuwa nikisimama nyuma yake namwigiza, nainama mbele ya taa za gari na kusema "Shikamoo Bibi Pikapu," nikiitikia mwenyewe kwa sauti nyembamba "Marahabaa," na wadogo zangu wanavunjika mbavu. Babu naye alikuwa akicheka, kwa sababu babu na mjukuu ni watani, na mtani hachukuliwi neno.

Halafu macho ya Babu yakaingia ukungu, mtoto wa jicho, na magoti nayo yakagoma. Usukani ukaenda kwa Ami Salimu, ndugu mdogo wa baba, ambaye kazi yake ni kuendesha na kulalamika basi. Salamu ikaja kwangu.

Sasa lazima niwaeleze habari ya maji, maana mkasa wote umo ndani ya maji. Kisima chetu kina maji ya chumvi. Si chumvi ya kukufanya uteme, lakini sabuni haitoi povu, chai hubadilika ladha, na sufuria hujijengea ukoko mweupe ndani. Ndiyo maana Babu hakutia maji ya kisima ndani ya rejeta hata tone. Alikinga ya mvua kutoka kwenye mabati, akayahifadhi kwenye mtungi wake wenye kifuniko chekundu, na mtungi huo haukuguswa na mtu, si kwa kunywa, si kwa kupikia. Maji ya gari, basi.

Na mimi nilikuwa na nywele. Mtanicheka lakini nitasema tu. Nywele zangu nilikuwa nimezifuga kidogo juu, na ukizioshea maji ya kisima hukakamaa kama makumbi ya nazi, na darasani kwetu kulikuwa na msichana atokaye Waa ambaye siku moja aliniuliza kwa upole mkubwa kama nyumbani kwetu tunalala kwenye kifuu. Siku iliyofuata nikaufungua ule mtungi wa kifuniko chekundu. Kibakuli tu, nilijiambia. Povu lililotoka, jamani! Nilitoka pale nang'aa kama mwali. Kisha, ili Babu asijue, nikaujazia mtungi maji ya kisima. Na wiki iliyofuata vilevile, na iliyofuata, mvua nazo zikakata, mpaka mtungi wote ukawa kisima kitupu, na ndio uliokuwa ukiingia ndani ya rejeta kila Ijumaa. Msichana wa Waa hakunisemesha tena, lakini nywele zilikuwa safi.

Sasa siku yenyewe.

Simu ililia watu wakiwa ndiyo kwanza watoka msikitini. Nyanya Mejumaa, dada yake Babu, alikuwa amefariki alfajiri ile huko Samburu, hii ya kwetu Kwale, alikoolewa na mfanyabiashara wa mbuzi miaka mingi nyuma, na angezikwa siku hiyohiyo baada ya sala ya adhuhuri. Babu alikaa chini kwenye kibaraza akasema "Inna lillahi wa inna ilaihi rajiun," kisha akawa anaisugua fimbo yake.

Nyanya Mejumaa ndiye aliyemlea. Mama yao alikufa Babu akiwa anatambaa, na dada mtu, naye mtoto vilevile, akambeba mgongoni huku akitwanga. Hakujaaliwa kuzaa. Na kila Idd tulipompelekea nazi alikuwa na maneno yaleyale, akimshika Babu ndevu kama mtoto: "Mbwana, mimi nilikulaza wewe usingizi, na wewe ndiye utakayenilaza mimi. Usimwachie mtu." Mnajua kwetu mwanamke hashushwi kaburini na mtu yeyote tu, hupokewa na maharimu wake, wanaume wa karibu asioweza kuolewa nao, na Babu ndiye aliyekuwa ndugu yake wa pekee aliyebaki. Babu hujibu, "Sitamwachia mtu." Kila Idd. Mimi nilikuwa nikiwaona kama wazee wanaocheza.

"Mjukuu wangu," Babu aliniita asubuhi ile, "gari umelisalimu?"

Na hapa ndipo. Nilikuwa nimesimama mbele ya kioo napiga pasi kanzu yangu nyeupe na kuweka kofia sawasawa, kwa sababu kule Samburu kuna binamu wengi na sikutaka kuonekana mtu wa makumbi. Boneti sikuifungua.

"Nimelisalimu, Babu. Limeitikia marahaba."

Babu akatabasamu kidogo, siku ile ya msiba, kwa mzaha wangu. Hilo ndilo linaloniuma mpaka leo.

Tukapanda. Mbele Ami Salimu na Babu, nyuma mimi, mama zangu wadogo, magunia ya mchele na vitunguu vya matanga, na Mama Mwende jirani yetu, Mkamba anayefanya kazi jikoni katika hoteli moja ya Diani, ambaye si Muislamu lakini hakuna matanga ya Bongwe yaliyowahi kupikwa bila mkono wake. Alikuwa amepakata mfuko wa viungo kama mtoto mchanga.

Barabara ya Likoni ilikuwa nzuri tu, gari likiguna kama kawaida yake. Tukakata kushoto Kombani, tukaanza kuupanda mlima wa kwenda Kwale, na kule Golini mlima unapokaza ndipo gari likaanza kunuka. Kisha likatoa moshi. Mama Mwende akagonga paa la mbele kwa kiganja: "Salimu! Salimu! Simama, hii kitu inachemka kama githeri!"

Ami akasimama pembeni. Mvuke ulikuwa ukitoka kila tundu. Watu wa pale wakatoka majumbani na mwendesha bodaboda mmoja akaegesha pikipiki yake kutazama, maana msiba wa gari hauna mwenyewe, kila mtu ana rai. Lilipopoa Ami akafungua kifuniko cha rejeta kwa tambara, na kilichokuwa mle hakikuwa maji, kilikuwa uji wa kutu, na mdomoni pa rejeta pamezunguka ukoko mweupe mgumu. Chini nayo ilikuwa inavuja, tone, tone, kwenye lami.

Mama Mwende akauchubua ule ukoko kwa ukucha. "Ai! Hii si ni chumvi? Birika za hoteli hukuwa hivi zikiwekwa maji mbaya. Kwani nani alikuwa anawekea hii gari maji?"

Mimi nikaanza kutazama mnazi wa mbali kwa makini sana.

Babu akaomba ateremshiwe mtungi wa kifuniko chekundu, ambao husafiri nasi daima. Akaufungua, akachovya kidole, akakionja.

Akabaki na kidole mdomoni. Macho yake yale ya ukungu yakageuka upande niliokuwa nimesimama (sijui kama aliniona au alinikisia), kisha akauinamisha mtungi taratibu, maji yote yakamwagika mtaroni.

"Gari kuukuu," akamwambia Mama Mwende. "Nalo lina umri wake. Tutafutieni maji mengine, tafadhalini."

Alinisitiri. Mbele ya watu wote wale, na kila dakika ikimla, Babu alinisitiri. Mtu mwenye akili hapo angeshika adabu yake akanyamaza mpaka Samburu. Lakini mimi nilipoona nimepona, ulimi ukarudi kazini.

Wenyeji wakaleta maji matamu kwa ndoo, na mzee mmoja akasema tundu dogo huzibwa kwa binzari, mwaga binzari ndani ya rejeta itakwenda yenyewe kuganda penye ufa. Sote tukamtazama Mama Mwende. Mama Mwende akaukumbatia mfuko. "Na wali wa matanga nipike na nini, na machozi?" Lakini akaitoa, paketi nzima, ikamwagwa, injini ikawashwa, na wallahi lile tone likapungua, likakoma. Watu wakapiga makofi. Mimi nikainama kwa madaha kama ndiye niliyeigundua binzari.

Yule wa bodaboda akamsogelea Babu. "Mzee, kama una haraka panda nikupeleke mbele. Hili gari usiliamini."

Babu akasitasita. Alikuwa tayari ameshika kiti cha pikipiki. Akageuza uso. "Mjukuu wangu, wewe waonaje? Una hakika limeziba?"

Ami ndiye dereva, lakini Babu aliniuliza mimi. Nadhani alikuwa akinipa mlango wa kutokea, niseme sina hakika, niseme Babu panda. Nami nikaona hadhira.

"Hakika Babu! Hili sasa limeziba kuliko mdomo wa Ami akidaiwa mwisho wa mwezi. Na wewe ukipasuka njiani tutakutia binzari."

Watu wakaangua kicheko. Babu akaiachia pikipiki, akarudi kupanda gari.

Tukapita Kwale mjini, tukapita Kinango, na mama zangu wadogo wakaanza hata kunisifu. Kutoka Kinango nchi hubadilika, minazi huisha, ardhi huwa nyekundu na miti huwa mifupi yenye miba, nyumba mojamoja mbali na barabara. Ni hapo, mahali pasipo mtu wala ndoo, gari lilipokohoa likazimika.

Ami akasema tungoje lipoe. Babu alitazama jua. Mimi nikaona huu ndio wakati wa kulipa, nikaruka chini, nikavua kofia nikaifungia mkononi, nikafungua boneti na kukishika kifuniko.

"Wewe mtoto, acha!" Ami alipiga kelele.

Nilikuwa nimekwisha kukizungusha. Kifuniko kiliruka sijui wapi mpaka leo, na ile paketi nzima ya binzari ikapanda juu kama chemchemi, ikanishukia. Namshukuru Mungu nilirudi nyuma kwa woga wangu wa asili, nikaungua mkono na shingo kidogo tu, lakini kanzu, jamani, ile kanzu niliyoipiga pasi badala ya kufungua boneti, ilikuwa manjano tangu kolani mpaka pindo. Nywele manjano. Nyusi manjano. Mama Mwende akaziba mdomo kwa leso na mabega yakawa yanatikisika, naye anajua tupo msibani, na mama zangu wadogo wakacheka wakalia, wakalia wakacheka. Chini ya gari rejeta ilikuwa imepasuka ufa wa kupitisha kidole.

Adhana ya adhuhuri tuliisikia kwenye simu ya Ami. Hakupita gari. Alipita kijana na ng'ombe wake, akanitazama, akaongeza mwendo.

Kisha simu ikalia. Ni Bakari, mtoto wa mume wa Nyanya Mejumaa, na Ami akaweka sauti ya nje ili Babu asikie.

"Shikamoo Mzee Mbwana. Tumekwisha kumswalia. Mko wapi?"

"Marahaba, baba. Tupo njiani. Gari limekataa."

"Tuwangoje? Watu wako tayari, lakini ukisema tungoje, tutangoja."

Babu aliishika fimbo kwa mikono miwili. Mimi nilikuwa nimesimama karibu naye, natona manjano, na nilitamani aseme ngojeni, nilitamani hivyo kuliko nilivyowahi kutamani kitu chochote duniani.

"Maiti hangojeshwi," Babu akasema. "Mzikeni. Nani atashuka?"

"Nitashuka mimi, Mzee. Ni mama yangu pia."

"Shuka wewe, baba. Mlaze taratibu. Ubavu wa kulia." Kisha sauti ikatoka nyembamba. "Alikuwa hapendi baridi."

Simu ikakatika. Babu akajifunika uso kwa kilemba chake, na hapo hakuna aliyecheka tena.

Lori lililotuchukua lilikuwa likirudi Samburu baada ya kushusha mbuzi mjini, na mbuzi wenyewe walikuwa wameshuka lakini harufu yao na mambo yao mengine walikuwa wameyaacha. Babu akapandishwa mbele, sisi nyuma. Tukafika watu wakiwa wamerudi kutoka makaburini, wamekaa mikekani, na nilipoteremka, kimya chote kile cha msiba kikapasuka. Mtoto mdogo alisema kwa sauti, "Mama, tazama, pilau linatembea!" Binamu zangu walikuwa na simu mkononi. Video ilifika Bongwe kabla yangu, na ilipofika shuleni ilikuwa imekwisha kutiwa muziki.

Lakini hebu niwaambie video haikuonyesha nini. Haikuonyesha Babu akiniambia, "Nishike mkono unipeleke." Nikampeleka makaburini, mimi na kanzu yangu. Kaburi lilikuwa bichi, udongo mwekundu umemwagiwa maji, kijiti cha mwarobaini kimechomekwa kichwani. Babu akapiga magoti yake yale yasiyokunjika, akauwekea udongo kiganja, akasema, "Asalamu alaikum, dada."

Akangoja. Naapa alingoja, kama mtu aliyebisha hodi.

"Nimechelewa," akasema. "Nisamehe. Gari kuukuu."

Hata pale. Hata kwake yeye. Nikataka kusema, Babu, si gari, ni mimi, lakini nilipofungua mdomo kilichotoka ni kilio kama cha mtoto, makamasi manjano, mimi mgawaji wa majina, na Babu akanyoosha mkono bila ya kugeuka, akanishika kichwa, akanipapasa nywele zilizoganda binzari. Nywele zilezile.

Baadaye Ami alipata rejeta nyingine ya mtumba Ukunda, na pikapu inatembea hadi leo, inapigia honi magari mapya. Mimi nywele nimenyoa. Mvua zilipokuja nilikinga maji mwenyewe, nikausugua mtungi kwa mchanga, nikaujaza, nikaufunga kifuniko chekundu, na kila Ijumaa naamka kabla ya mtu yeyote, nafungua boneti, napima oili, nabonyeza mkanda, napangusa betri, wala sisemi shikamoo kwa sauti nyembamba tena. Nimeapa sitasema nimesalimu kitu ambacho sijakisalimu, liwe gari au mtu.

Babu hajawahi kunigombeza. Bado tunataniana, na siku moja aliniambia nikioa atanitia binzari yeye mwenyewe. Ila kila Ijumaa, kabla sijamimina maji, nasikia fimbo yake ikija ko, ko, ko, kutoka kibarazani. Husimama kando yangu, huchovya kidole kwenye mtungi, hukionja, hutulia kidogo.

"Haya," husema, "salimia."

Nami nangojea Ijumaa ambayo atasahau kuonja.